Mkwe wa Dirishani

Nilishuka Sumbawanga kutoka kwenye lori la duka, sanduku la shule kichwani, nikaanza kutazama kama kuna mtu wa kufuatana naye mpaka Pito. Dereva akaniita.

"Binti, usiende Pito. Kwenu hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kwenu," akasema, akafunga mlango wa lori kana kwamba amenieleza vya kutosha.

Mimi ni mtu wa haya. Msichana mwingine angeng'ang'ania mlango wa lori mpaka aambiwe. Mimi nilimshukuru. Nikakaa juu ya sanduku langu kando ya duka nikawazia kila aina ya msiba, mpaka alipopita mama mmoja ninayemjua kwa kusali naye kanisa moja. Huyo ndiye aliyeniambia kwamba watu wote ni wazima, ila nyumba yetu ilipigwa radi kwenye mvua za kwanza. Iliungua yote, na upepo ukarusha cheche zikala na kibanda cha bibi, mama yake mama, kilichokuwa nyuma ya ghala. Sasa wote wako misheni, kwenye Nyumba Ndefu.

"Ila baba yako," akasema, kisha akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa khanga. "Baba yako utamwona mwenyewe."

Nilimwona kweli. Alikuwa amesimama nje, kwenye ukuta wa mwisho wa Nyumba Ndefu, chini ya mwavuli, mvua inanyesha, naye anakula ugali kutoka kwenye bakuli lililowekwa juu ya rundo la matofali. Nikapiga magoti kwenye tope, nikapiga makofi kama ilivyo desturi, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika, baba. Mbona uko nje?"

"Naishi hapa," akasema, akamega tonge jingine.

Nyumba Ndefu naifahamu tangu utoto, ila sikuwahi kufikiri kwamba nitalala humo. Ni jengo la matofali ya kuchoma, lina vyumba vimefuatana kama mabehewa, kila chumba mlango mmoja mbele na dirisha moja dogo nyuma. Misheni waliijenga kwa ajili ya jamaa za Kikristo zisizo na pa kukaa: wajane wenye watoto, waliorudi kutoka mkongeni wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na watu kama sisi. Sisi hasa hatukuwa na pengine pa kwenda. Nyumba iliyopigwa radi si jambo la mchezo, na aliyeipangisha radi kwake hakaribishwi kwa haraka. Mama aliniambia kwamba majirani wa Pito walileta unga, tena mwingi, lakini waliuweka njiani, wakapiga makofi ya salamu kwa mbali, wakaondoka mbiombio.

Masharti ya Nyumba Ndefu hayakuwa magumu. Baba wa familia anafanya kazi kwenye tanuru la matofali. Mama anajifunza kushona na usafi kwa Masista. Jioni rozari. Pombe hakuna, hata ya kuonja. Mvua zikiisha, familia inapewa matofali ya kujijengea, inashukuru na kuondoka. Na sharti kubwa kuliko yote: familia nzima ilale chini ya dari moja. Hili liliwekwa kwa sababu zamani wanaume walikuwa wakiwaleta wake zao pale, wakisali siku chache kwa bidii, kisha wanakwenda zao migodini wasionekane tena. Kwa hiyo Padre alikuwa na mazoea ya kupita jioni na kuangalia kama akina baba wamo.

Baba yangu hakuwamo; Padre akiuliza, mama alisema bado yuko tanuruni. Na sababu ilikuwa bibi.

Sista mkubwa, ambaye ana moyo mwema kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwogopa, aliona kwamba bibi kizee hawezi kuachwa peke yake baada ya kuunguliwa. Akatoa hotuba juu ya upendo, mama alinisimulia, akamshika bibi mkono, akamwingiza katika chumba kimoja na binti yake, wajukuu zake na mkwe wake. Wote walishukuru. Baba alishukuru akiwa amegeuka nyuma.

Kwetu mwanamume hamwangalii mama wa mke wake, wala yeye hamwangalii. Hawali pamoja, hawanywi pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia porini. Inakuwa hivyo mpaka siku mama mkwe anapomfungulia mkwe wake: wakubwa wa ukoo wanakuja, pombe ya ulezi inapikwa, wanakunywa chombo kimoja, basi, kuanzia hapo ni kama mama na mwanawe. Wengine hufunguliwa mwaka ule ule wa ndoa. Baba alisahauliwa. Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mabaya, mwaka mwingine palikuwa na matanga, mwaka mwingine mjomba aliyetakiwa kuwapo aligombana na mjomba mwenzake, mpaka watu wakazoea. Pale Pito haikuwa shida. Baba alikuwa akikohoa kila anapopita karibu na kibanda cha bibi, bibi anajifunika khanga usoni, baba anapita. Tangu kabla sijazaliwa waliishi hivyo kwa amani kubwa.

Sasa walikuwa na chumba kimoja chenye mlango mmoja.

Mtu atauliza kwa nini hawakumweleza Padre. Nami niliuliza, jioni ile ile, kwa sauti ndogo. Mama akaniambia katekista ameshapita kuwasihi. Katekista ni Mfipa mwenzetu, mtu wa heshima, ana baiskeli. Padre huyu alikuwa mgeni, hajamaliza mwaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, safi kuliko chetu. Alipofika tu alimwuliza katekista kama Wakristo wa hapa bado wanashika mambo ya kuogopana na wakwe. Katekista akajibu kwamba hayo yaliisha zamani.

"Msije mkaniaibisha," alimwambia mama. "Vumilieni tu. Mvua zitaisha."

Mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza.

Mwanzoni baba alilala tanuruni, kwa sababu matofali yanayochomwa yanatoa joto zuri. Halafu mvua ikaingia tanuruni. Ndipo akahamia ukutani na mwavuli. Nami, kwa kuwa ndiye mkubwa wa watoto, nikapewa kazi ya kuwa mdomo wa watu wawili. Nilisimama mlangoni, bibi ndani, baba nje, ukuta wa tofali moja katikati yao.

"Mwambie aliye nje," bibi anasema, uso ameuelekeza kwenye kona, "kwamba mvua hii itampa ugonjwa wa kifua."

Kabla sijafungua mdomo, baba anajibu kutoka upande wa pili: "Mwambie aliye ndani kwamba mimi siumwi."

"Mwambie nasikia anavyokohoa."

"Mwambie nakohoa ili ajue niko wapi."

"Mwambie najua aliko! Ataacha lini kukohoa?"

"Mwambie nikiacha atafikiri nimeondoka."

Mimi nilikuwa nafungua mdomo na kuufunga kama samaki. Wadogo zangu walinicheka. Lakini nilipojaribu siku moja kuondoka mlangoni, wote wawili walinyamaza kabisa, hakuna aliyesema neno mpaka niliporudi kusimama pale.

Blanketi ndilo lililoleta mambo ya dirisha. Sista alitupa blanketi la kijivu, na mama badala ya kutufunika akalitundika katikati ya chumba likawa ukuta. Bibi akakaa upande wa mlango, mama upande wa dirisha. Tulijadiliana sana kuhusu hilo, kwa maana ilikuwa lazima mmoja apite dirishani, ama bibi ama baba, na bibi ana magoti. Kwa hiyo kila jioni, baada ya rozari, baba alizunguka nyuma ya nyumba, akakohoa, bibi akajifunika ingawa blanketi lipo, kisha baba akatanguliza kichwa na mikono. Mama akashika mikono na kuvuta. Dirisha lenyewe lilijengwa kwa ajili ya hewa, si kwa ajili ya mtu. Alikuwa akikwama kiunoni kila mara, mama anavuta, baba anaguna polepole ili bibi asisikie, na bibi anasikia, anasema kwa sauti kubwa jinsi mvua ya leo ilivyo na kelele.

Kusema kweli nilifurahi siku zile. Kila mtu alikuwa mkavu.

Kisha Padre akabadili njia yake ya jioni. Sijui kwa nini. Labda upande wa mbele palikuwa na tope. Alipita nyuma ya Nyumba Ndefu akisoma kitabu chake cha sala, akainua macho, akaona miguu ya mwanamume inachezacheza hewani ikitoka kwenye dirisha la mwanamke mwenye ndoa.

Padre ni mtu wa vitendo. Alikamata miguu.

Mama kwa ndani alihisi baba amekuwa mzito kuliko kawaida, akafikiri amekwama vibaya, akaongeza nguvu. Padre naye akaongeza. Baba akalia, "Niacheni!" na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, wakaona kwamba anayeambiwa ni mwingine.

"Kuna nini huko?" bibi akauliza nyuma ya blanketi, khanga usoni.

"Hakuna kitu, mama," mama akasema akihema.

Hapo fremu ya dirisha ikang'oka. Baba akaanguka nje, juu ya Padre, akiwa ameivaa fremu kiunoni kama mkanda. Nilikimbia kuzunguka nyumba. Niliwakuta wamekaa kwenye tope wanatazamana.

"Wewe ni nani?" Padre akauliza.

"Ni mimi, Padre. Mwenye chumba."

"Mwenye chumba huingia mlangoni."

Baba akaanza kuivua fremu. Padre alimtazama vizuri, lakini hakumtambua, kwa sababu kila mara alipomwona kule tanuruni alikuwa amejaa udongo kichwa mpaka miguu, na jioni hiyo alikuwa ameoga.

Asubuhi, baada ya misa, tuliitwa wote kwenye baraza ya Padre. Habari ilikuwa imeshaenea mpaka mtaa wa Mazwi kwamba misheni wamekamata mwanamume dirishani. Chini ya ukumbi wa kanisa alikuwapo mwanamume mmoja na mkewe waliotoka mkongeni, wana cherehani na mabunda yao, wanasubiri chumba kipatikane. Tulipopita walituamkia kwa adabu sana.

"Mmeamkaje? Tumesikia mna shauri."

"Ndiyo," mama akasema.

"Poleni. Tunawaombea," yule mama akasema, na akatazama mlango wetu.

Padre alikaa kwenye kiti, katekista amesimama kando yake kutafsiri maneno ya bibi, maana bibi anasema Kifipa tu. Baba alisimama kwenye pembe ya baraza, amegeukia ua. Bibi aliketi chini kwenye pembe nyingine, amegeukia ukuta, khanga imemfunika mpaka kwenye magoti. Walikuwa kama watu wawili waliopewa adhabu na mwalimu mmoja.

Padre akamwuliza mama kama huyu ni mume wake. Mama akasema ndiyo. Padre akatikisa kichwa, kwa sababu mwanamke yeyote aliyekutwa hivyo angesema ndiyo. Akamgeukia bibi.

"Mama mzee, wewe ni mama yake. Hutasema uongo. Huyu ni mume wa binti yako? Umewahi kumwona mtu huyu?"

Katekista akatafsiri. Bibi akafikiri, kwa kuwa aliulizwa mbele ya msalaba, akajibu kweli tupu.

"Sijamwona hata siku moja."

Katekista alitafsiri hilo kwa sauti iliyokuwa inakufa. Padre akawa mwekundu. Mama akashika kichwa. Baba alikohoa, si kwa kusudi la kujitetea, ni mazoea tu. Katekista alikuwa na maneno ya kutuokoa sote, lakini aliendelea kutazama viatu vyake.

"Basi," Padre akasema, "leo leo chumba hiki..."

"Anamjua kwa kikohozi," nikasema.

Wote wakanigeukia, isipokuwa wale wawili wasioweza kugeuka. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, namwachia jirani yangu ajibu. Nilieleza yote, radi, blanketi, pombe ya ulezi ambayo haikupikwa, nikiiambia sakafu, na nilipomaliza sakafu ile nilikuwa naifahamu kila ufa wake.

Padre akamgeukia katekista. "Uliniambia mambo haya yameisha."

"Yameisha, Padre," katekista akasema. "Yanaisha."

Padre, kwa kuwa alikuwa ameshadanganywa mara moja, akataka ushahidi. Akawaweka watu watatu nyuma ya ukuta wa sakristia: baba, mpishi wake, na katekista mwenyewe. Akaamuru wakohoe mmoja mmoja. Bibi akaambiwa aseme.

Wa kwanza akakohoa.

"Huyo mpishi," bibi akasema. "Anavuta tumbaku nzuri. Sijui anaipata wapi."

Mimi ndiye niliyetafsiri sasa. Padre aligusa mfuko wake.

Wa pili akakohoa, mara mbili, kikohozi kifupi cha heshima.

"Katekista. Ndivyo anavyokohoa akipita nyumbani kwa mama mkwe wake, pale njia ya Chanji. Anashuka kwenye baiskeli, anakohoa, anaisukuma."

Nilitafsiri hilo kwa sauti ndogo sana, lakini Padre alilisikia.

Wa tatu akakohoa. Bibi aliinamisha kichwa chini ya khanga.

"Huyo ni mkwe wangu. Lakini kifua kimezidi. Mwambieni avae nguo kavu."

Padre aliamini. Alisimama, akatembea barazani huku na huku, akasema kwamba sasa anajua sisi si watu wabaya, ila ni watu wa ajabu, na kwamba nyumba ya Kikristo haiingiliwi kwa dirisha. "Mkumbukeni Yosefu," akasema. "Hakumwacha Maria zizini akalala nje kwenye mvua. Walikuwa pamoja, mahali pamoja."

Nilimtafsiria bibi. Bibi akauliza kitu, nami nikaogopa kukisema.

"Anasemaje?" Padre akauliza.

"Anauliza... mama yake Maria alikuwa amelala wapi siku hiyo."

Padre akatazama juu, akatazama kitabu chake. Akasema kwamba hata hivyo sharti ni sharti. Ikifika Jumapili, awakute wote wameingia kwa mlango mmoja na kulala chini ya dari moja, kama familia. La sivyo, chumba anawapa wale wenye cherehani, ambao wote wawili wanakubali kutazamana.

Kumfungulia mkwe kunataka ulezi uoteshwe, ukaushwe, usagwe, pombe ichemke na kuiva. Haiwezekani kuwa tayari kabla ya Jumapili, na pombe ni marufuku misheni. Kunataka wakubwa wa ukoo, na wakubwa wetu walikuwa Pito wakituogopa kwa sababu ya radi. Mama alilia usiku kucha. Kama tungetolewa Nyumba Ndefu, matofali nayo tungeyakosa, na bila matofali hakuna nyumba nyingine, na nilijua, ingawa hakuna aliyeniambia, kwamba sitarudi shule Januari.

Jumamosi mchana, mvua ikimwagika, bibi akaanza kufunga bunda lake.

"Mama, unakwenda wapi?" mama akamwuliza.

"Pito. Ukuta mmoja umebaki. Nitaegemeza majani pale. Wewe kaa na mumeo na watoto, chumba kisipotee."

"Ukuta huo utakuangukia!"

"Basi utakuwa umeanguka," bibi akasema, akajifunika khanga, akatoka.

Baba nje alikuwa amesikia. Akaniambia kwa haraka, "Mwambie asiondoke. Naondoka mimi, nitalala kwa rafiki yangu kule Chanji. Yeye akae." Akachukua jembe lake na mwavuli akaondoka pia, kwa mzunguko wa nyuma ya tanuru ili asimpite. Kwa hiyo chumba ambacho kilikuwa na watu wawili wasioweza kukaa pamoja, sasa kila mmoja alikuwa amekiacha kwa ajili ya mwenzake. Mama alibaki mlangoni na wadogo zangu, hajui amfuate nani, akanisukuma mimi: "Warudishe!"

Nilipokimbia niliwapita wale wenye cherehani. Walikuwa wameshainyanyua cherehani yao.

Misheni imezungushiwa handaki na miti ya mikaratusi ili kuzuia mbuzi, na geti ni moja tu. Baba alitokea upande wa tanuru, bibi upande wa kanisa. Walifika getini pamoja. Baba akakohoa, akarudi nyuma ili bibi apite. Bibi aliposikia kikohozi alikuwa ameshageuka kukumbatia mti ili baba apite. Hakuna aliyepita. Bibi akadhani baba amekwisha pita, akatoka mtini. Baba naye akaona hivyo hivyo, akatoka nyuma ya nguzo. Kikohozi. Mti. Nguzo. Mimi nimesimama katikati, maji yananitiririka mpaka kwenye viatu.

"Mwambie apite," bibi akasema, uso kwenye gome.

"Mwambie atangulie yeye, ndiye mkubwa."

"Mwambie siendi mahali nikiwa natazamwa mgongo."

"Mwambie nimefumba macho."

"Mwambie nitajuaje?"

Sista mkubwa alituona kutoka jikoni kwake. Alikuja ameshika birika la chai kwa mkono mmoja na kikombe cha bati kwa mkono mwingine, shela lake limeloa, amekasirika kama mtu aliyewaona watoto wanacheza mtoni. Hakuuliza lolote. Alimimina, akasukuma kikombe chini ya khanga ya bibi.

"Kunywa!"

Hakuna mtu asiyemtii Sista. Bibi alikuwa anatetemeka. Akanywa nusu, akarudisha kikombe. Sista akajaza palipopungua, akaenda kwenye nguzo.

"Na wewe! Kunywa!"

Baba akanywa, kwa sababu mkono wa Sista ulikuwa umemshika sikio.

Katekista alikuwa anakuja kutoka mjini na baiskeli yake. Alisimama getini, akatazama kikombe, akamtazama bibi, akamtazama baba. Akaiegemeza baiskeli.

"Mama," akasema kwa Kifipa, polepole. "Mmekunywa."

"Nimekunywa nini?"

"Mmekunywa pamoja. Chombo kimoja."

Hapo hata mvua niliisahau. Bibi aliganda pale mtini.

"Haikuwa na ulezi," akasema.

"Ilikuwa na sukari," katekista akasema. "Na Sista ni mkubwa hapa. Nani mkubwa kuliko yeye?"

"Wanasemaje?" Sista akaniuliza. Sikumjibu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumkosea adabu.

Mpaka leo sijui kama bibi alipokea kile kikombe kwa kusahau, kwa baridi, au kwa kuchoka. Nimewahi kumwuliza, akaniambia nikasome vitabu vyangu. Ninachojua ni kwamba aliuachia mti, akageuka, akatoa khanga usoni, taratibu, mvua ikimpiga machoni. Baba alikuwa bado amefumba macho kama alivyoahidi. Bibi alimtazama kuanzia viatuni, akapanda, akafika kichwani mapema kuliko alivyotegemea.

"Kumbe ndiye huyu," akasema. "Mbona mfupi?"

Baba akafumbua macho. Niliona midomo yake inataka kunituma nimwambie mama mkwe wake jambo fulani, kisha akakumbuka kwamba hakuna haja.

"Nilikuwa mrefu, mama," akasema. "Nimenywea kwa mvua."

Tuliporudi, cherehani ilikuwa ndani na sakafu imefagiwa. Yule mama alisema hawakuwa na nia mbaya, walisikia tumeondoka wote. Sista akawafungulia stoo ya kinanda kibovu, chumba cha pili kutoka kwetu, na akawapa hotuba ile ile ya upendo, na usiku tulisikia wanagombana nani alale karibu na kinanda. Padre alikuja Jumapili baada ya misa kuhakikisha. Alisimama nje, akatazama watu wote wakiingia mlangoni mmoja mmoja, akatuomba tutoke tuingie tena, kisha akaenda zake ameridhika. Katekista hakuwa naye. Alitumwa Chanji, kwa mama mkwe wake, na birika.

Lakini jioni ya Jumamosi ile, kabla ya yote hayo, tulikula pamoja mara ya kwanza. Mama aliweka ugali wa ulezi na maharage katikati. Baba aliketi kwenye kigoda, hajui aweke wapi miguu, hajui aweke wapi macho. Bibi aliketi mbele yake. Walimega. Kitu kimoja tu kilisikika, baba anatafuna.

Bibi alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akanigeukia mimi, kama zamani.

"Mwambie," akasema, "alipokuwa nje nilimpenda zaidi."

Nilimtazama baba. Alikuwa anacheka, mdomo umejaa, machozi yanamtoka, na bibi akamsogezea maharage.